Kiswahili Kilichonitangulia Vurra



Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, saa hazipatani. Upande wa Uganda ikigonga saa mbili asubuhi, hatua chache ng'ambo ya geti, upande wa Aru, ndiyo kwanza saa moja, maana Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa nzima. Magari nayo yana ugomvi wao. Uganda yanakwenda kushoto kama kwetu Tanzania, Kongo yanakwenda kulia. Kwa hiyo dereva aliyepakia bandarini Mombasa, akapita Malaba, akapita Kampala, akavuka Nile pale Karuma na kuivuka tena pale Pakwach, akapanda kwenda Nebbi, akifika Vurra anabadili saa, upande wa barabara na pesa mfukoni kwa mkupuo mmoja. Maofisa wa Uganda wamekwishafungua madirisha, wenzao wa Kongo bado wako njiani kuja kazini. Muda huo wa katikati hauna mwenyewe. Madereva hulala chini ya malori, matanboi huchemsha chai, na karani wa mizigo hukaa kwenye benchi akisikiliza watu wanavyosema. Karani huyo nilikuwa mimi.

Kabla sijaingia Vurra kwenyewe, niruhusu nipite Korea kidogo, na usicheke. Siku hizi vijana wetu wanapata nafasi za masomo Korea ya Kusini, na wakirudi likizo wana masimulizi yanayofanana. Wanasema herufi si tatizo. Zile herufi zilizoasisiwa na Mfalme Sejong katika karne ya 15 unazishika upesi, halafu unatembea Seoul ukisoma mabango yote kwa sauti bila kuelewa hata moja. Kinachowatesa ni kujua useme vipi na nani. Mkorea hupenda kujua umri wako mapema, si kwa umbea, ila kwa sababu kitenzi chake hubadilika mwisho kulingana na aliye mbele yake. Ukikosea, umemvunjia mtu heshima bila kumtukana. Sisi watu wa shikamoo hilo tunalielewa haraka.

Mimi Korea sijafika. Nilikwenda West Nile, ile pembe ya Uganda iliyo magharibi ya mto, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, ndani ya Afrika Mashariki yetu hii hii. Nilikuwa na Kiswahili cha Tanga mdomoni na imani kwamba kitanifikisha popote. Mabango ya Vurra yameandikwa kwa herufi zile zile tulizofundishwa darasa la kwanza, niliyasoma yote na mengi nikayaelewa. Lakini lile swali la Korea, useme vipi na nani, lilikuwa limenitangulia na linanisubiri kwenye benchi.

Hebu nikuweke mahali penyewe. Vurra iko kusini ya mji wa Arua, juu kwenye mgongo wa nchi. Asubuhi kuna baridi ya kukufanya utafute koti, jambo ambalo mtu wa pwani halitarajii akisikia habari za Nile na Sudan. Mpaka haukuchorwa kwa kufuata mto, ulichorwa kwa kufuata mgongo huo unaogawanya maji: mvua inayodondoka mashariki huteremka hadi Nile na kwenda zake Misri, inayodondoka magharibi huingia mito ya Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Kwenye ramani ni mpaka safi sana. Kwa watu ni mpaka wa ajabu, maana huku Walugbara na kule Walugbara, shamba la kaka huku na la binamu kule. Anayechunga mbuzi hawezi kuwaambia wasile nyasi za upande wa Atlantiki.

Mpaka huo ulipatikanaje? Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliikodi kwa muda wa uhai wake. Alipokufa Desemba 1909 ikarudi mikononi mwa Waingereza kupitia Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huo huo mji wa Arua ukaanzishwa kuwa makao ya wilaya. Basi Mlugbara aliyebaki magharibi akafundishwa Kifaransa, wa mashariki akafundishwa Kiingereza, na wote wawili wakiwa msibani huzungumza Kilugbara kana kwamba hao Wazungu hawakupita.

Sasa turudi kwenye benchi. Mbele yangu palikuwa na mama anayeuza angara. Angara ni samaki wa Ziwa Albert na Nile, hukaushwa, na West Nile bila angara ni sawa na Tanga bila dagaa. Anakuja jirani yake, wanaongea Kilugbara, na salamu peke yake inachukua muda mrefu kuliko biashara. Mi ngoni, ma muke, watoto, mvua, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Kuluva, halafu ndiyo samaki. Anakuja tanboi wa Kikongo mwenye kofia ya timu ya mpira, mama anageuka na kumpa Kilingala, kile ambacho upande wa Aru wenyewe wengi hukiita Kibangala, na sauti yake inabadilika, inakuwa na mzaha ndani yake. Anapita askari, mama anakaa sawa na kumwambia kwa Kiswahili, "Afande, ya leo ni nzuri." Mzaha umekwisha. Askari ananunua, anaondoka. Kisha mama ananitazama mimi kuanzia viatu hadi miwani, anafikiri kidogo, na kunianza kwa Kiingereza.

Nikamjibu kwa Kiswahili. Akashtuka. Akauliza, "Wewe mutu ya Bunia?" Nikamwambia hapana mama, mimi natoka Tanzania. Akacheka, akamgeukia jirani yake akamtafsiria, kisha akaniambia kwa upole, "Basi Kiswahili yako ni ya kitabu."

Msikilizaji, nimezaliwa Tanga. Bibi yangu hakujua kusoma, na Kiswahili changu nimekipata kwake jikoni. Lakini mpakani pale, hicho cha bibi yangu ndicho kilichokuwa cha kitabu, na cha mama yule ndicho kilichokuwa cha watu.

Zilipopita siku nikaanza kutambua kwamba hata hicho cha watu si kimoja. Kuna kinachotoka Bunia, chenye "batu" na "bintu", chenye "aksanti", na "jambo" inayotumika kwa dhati. Hii "jambo" ilinisumbua mwanzoni. Sisi pwani tumewaachia watalii na wauza vinyago, mtu mzima ukimsalimu "jambo" anadhani unamdhihaki. Kongo ya mashariki mtu anakusalimu "jambo" kwa uso mkavu na anangoja umjibu kama mtu. Kisha kuna Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, kilichojaa "iko" na "hapana". Na kuna cha wachuuzi wa Arua ambacho huchukua neno lolote lililo karibu, la Kiingereza, la Kilingala au la Kinubi, mradi bei ieleweke. Ile lugha ya Wanubi, ambayo asili yake ni Kiarabu cha askari wa Sudan waliokuja huku karne ya 19, bado ina wenyewe mjini Arua.

Wote hawa kitu kimoja wanakwepa: ngeli. Kwao kiti ni "iko" na watu ni "iko" na maji ni "iko". Nimewasikia Watanzania wenzangu, madereva hasa, wakicheka mpaka machozi yakawatoka. Sikucheka nao, na sababu si adabu. Jaribu wewe Kilugbara kwanza. Ni lugha ya jamii nyingine kabisa, wataalamu wanaiweka pamoja na za Sudan ya kati, haina udugu na Kiswahili wala Kiganda. Haina ngeli kama zetu. Maneno yake mengi ni mafupi, silabi moja au mbili, na kazi ambayo sisi tunaifanya kwa viambishi wao wanaifanya kwa kupandisha na kushusha sauti. Kuna sauti ya juu, ya kati na ya chini, na neno lile lile likipanda si lile lililoshuka. Kisha kuna "gb" na "kp", ambazo lazima midomo na koo vifunguke kwa pamoja. Jina la Walugbara lenyewe wengi wetu tunalitamka vibaya, tunaweka "lug" hapa na "bara" kule, kana kwamba ni bara la Afrika. Watoto wa Vurra walikuwa wananipitisha kwenye hiyo "gb" jioni baada ya shule, na kila nilipojaribu walipata mchezo wa bure. Sasa mtu anayemudu hayo yote tangu utotoni, halafu akaongeza Kilingala, Kiingereza na Kiswahili, mimi nitamcheka kwa kusema "kiti imevunjika"?

Padre mmoja wa shirika la Comboni, J. P. Crazzolara, alitoa kitabu kizima juu ya lugha hii mwaka 1960, baada ya miaka mingi ya kuandika sarufi za lugha za Nile. Ukikitazama unaona jinsi alivyohangaika na hizo sauti, alama juu ya kila irabu. Ilinifariji. Kama mtu wa kazi yake alitoa jasho, karani wa mizigo anayeishia kwenye salamu ya "mi ngoni" na asante ya "awadifo" anaweza kusamehewa.

Lakini swali lililonikalia kichwani halikuwa Kilugbara. Lilikuwa Kiswahili: kimefikaje huku, na kwa nini watu wanakibadili uso hivyo, kwa askari kinakuwa na nidhamu, kwa Mkongo kinachanganywa na kicheko, kwa mgeni hakitolewi mpaka ajulikane ni nani?

Jibu nililipata kwa vipande. Kipande cha kwanza ni jeshi. Wakati wa Waingereza West Nile haikupewa mashamba makubwa wala viwanda, ilifanywa ghala la nguvu kazi. Vijana walichukuliwa kwenda kukata miwa na kulima pamba Uganda ya kusini, na wengine wengi wakaandikishwa King's African Rifles, ambako amri zilitolewa kwa Kiswahili. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, aliingia jeshi hilo mwaka 1946, na lugha aliyoipata humo ndiyo mwaka 1973 aliitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Hebu fikiria sifa hiyo ilivyokibebesha Kiswahili mzigo. Huku kwetu kilikuwa lugha ya Nyerere, ya elimu ya watu wazima na mashairi ya redioni. Kule kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayekuuliza unakwenda wapi usiku huu.

Kipande cha pili nilikipata kwa mzee mwenye nyumba niliyopanga. Vurra hawana shikamoo. Nilikuwa naitoa kila asubuhi kwa mazoea, watu wananitazama tu au wanaitikia "ndiyo". Mzee huyu siku ya kwanza alinyamaza, akanitazama kwa muda, kisha akasema "marahaba" kwa lafudhi safi. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema, "Kwa jeshi yenu, 79."

Wale mnaokumbuka vita vya Kagera mnajua vilivyokwisha. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini jeshi letu halikusimama hapo. Liliendelea kaskazini na magharibi, West Nile ikawa sehemu ya mwisho, na mwanzoni mwa Juni wanajeshi wetu wakafika mpaka wa Sudan. Watu wa Arua na Koboko walikuwa wametetemeka, maana hapa ndipo nyumbani kwa Amin, walitazamia kisasi. Mzee aliniambia Watanzania walipofika walikuwa wamechoka, wanaomba maji, wanawaamkia wazee shikamoo. Kijana mmoja wa Kitanzania alikuwa anakuja kwake kuota moto na kumfundisha maneno. Sitaki kupaka sukari, vita ni vita, na yeye mwenyewe hakupaka. Lakini kumbukumbu yake ya Kiswahili chetu ilikuwa hiyo.

Kisha wakaondoka, na wale waliowaacha nyuma, jeshi jipya la Uganda, wakaja kwa nia nyingine. Kuanzia Oktoba 1980 vijiji vilichomwa, watu wakauawa, na Juni 1981 askari wakawaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci nje kidogo ya Arua. West Nile karibu yote ilihama. Watu walivuka kwenda Zaire na Sudan kwa mamia ya maelfu. Kutoka Vurra si safari, ni kuteremka upande wa pili wa mgongo. Askari waliowafukuza nao walipiga kelele kwa Kiswahili. Mzee alilisema hilo bila kunyanyua sauti, akiwa anapukuchua mahindi: lugha ile ile iliyomwamkia 79, ndiyo iliyomwambia toka nje 80.

Miaka ya ukimbizini ndiyo kipande cha tatu, na pengine kikubwa kuliko vyote. Aru, Ariwara, Mahagi, hadi Bunia: watu walilima mashamba ya kukodi, wakauza mihogo, wakasomesha watoto kwa Kifaransa, wakaoa. Kilingala na Kiswahili cha Kongo viliingia nyumbani. Waliporudi, katikati ya miaka ya themanini, walirudi navyo pamoja na jamaa wa biashara waliowapata kule. Wale vijana wa Arua waliojulikana kama Opec Boys, waliokuwa wakiuza petroli ya magendo kwenye madumu kando ya barabara, wengi wao ni zao la maisha hayo. Walijua njia, walijua watu, walijua lugha ya kila kizuizi. Ofisa wa ushuru aliyetoka kusini akiwa na Kiingereza na Kiganda hakuwa na habari ya kinachosemwa pembeni yake.

Kwa hiyo mama wa angara alipobadili lugha mara nne nilipokuwa nimekaa kwenye benchi, alikuwa akipitia hayo yote bila kuyataja. Aliyemfahamu alimpa Kilugbara, aliyekula naye ukimbizini akampa Kibangala, na askari akampa Kiswahili kilichonyooshwa mgongo. Mgeni asiyejulikana alipewa Kiingereza, ambacho hakina kumbukumbu nzuri wala mbaya, ni cha ofisini tu. Mkorea anauliza umri. Mvurra haulizi, anatazama viatu.

Kuna Mwingereza mmoja aliyepita njia hii kinyume na mimi, nami kila nikimkumbuka natabasamu. John Middleton, mtaalamu wa jamii, alikaa kwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akaandika juu ya dini yao na ukoo wao vitabu vinavyosomwa hadi leo. Baadaye akashuka pwani, akachunguza ardhi Zanzibar, akaishi Lamu, na mwaka 1992 akatoa kitabu kikubwa juu ya Waswahili. Yeye alianzia Arua akaishia Lamu. Katika maandishi yake ya Walugbara aliandika jambo lililonikalia sana: zamani, watu wa mbali kabisa, wale walio nje ya kila ukoo unaojulikana, walisimuliwa kuwa wanatembea kichwa chini miguu juu. Wazungu wa kwanza nao waliwekwa kwenye kundi hilo. Nilimuuliza mzee wangu kama aliwahi kusikia hivyo. Akasema ndiyo, kwa babu yake. Halafu akanitazama, akasema mimi angalau nilifika nikiwa nimesimama, ila nilikuwa nakula kwa kuchelewa.

Alikuwa na haki. Chakula chao kikuu ni enyasa, ugali wa mihogo iliyochanganywa na mtama au ulezi, mweusi mweusi, unaovutika. Ukiubembeleza kwa vidole vya Tanga kama wali, wenzako wanamaliza. Unakatwa kwa haraka, unabonyezwa kwa dole gumba, unachotea mchuzi wa majani ya kunde uliotiwa karanga au ufuta, na angara akiwepo ni sikukuu. Msimu wa maembe ukifika, sahau sahani. Miembe ya West Nile ni mingi kuliko watu wa kuitikisa, maembe yanaoza chini, na mtu anayenunua embe Dar es Salaam kwa bei ile ya kwenye taa za barabarani akiona hivyo anaweza kulia. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi, onya kwa Kilugbara. Watoto hukesha kwenye vichuguu na mienge wakiwangoja. Mimi hao niliwala. Asali ya huku pia ni nyeusi na kali, wanaiuza kwenye chupa za soda zilizofungwa kwa gunzi.

Na pesa. Mbadilishaji wa Vurra hukaa kwenye kiti cha plastiki na mafurushi ya noti magotini, faranga za Kongo, shilingi za Uganda, dola. Noti ya dola anaipeleka juani, anakunjua kona, anapitisha ukucha ukingoni polepole. Ikiwa na mpasuko mdogo kiasi cha kope, anakurudishia, maana Kongo haitapokelewa. Shilingi ya Uganda iliyochakaa, iliyonata mafuta ya samaki, iliyotiwa gundi mara mbili, anaitupa kwenye furushi bila hata kuitazama. Nilijaribu kubishana naye kuhusu dola yangu moja kwa hoja za benki kuu. Alinisikiliza vizuri sana. Akanirudishia.

Barabara ya lami kutoka Vurra, kupita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ni kilomita 92, ilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na unaweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nikitumwa Koboko mara kwa mara. Arua sasa ni jiji, tangu Julai 2020, lina uwanja wa gofu katikati yake na bodaboda wengi kuliko miti ya uwanja huo. Ukiipita na kuendelea kaskazini, Kilugbara kinaisha ghafla. Koboko ni kwa Wakakwa, na lugha yao ni ndugu ya Kibari cha Juba, haielewani na Kilugbara hata kidogo. Wakakwa nao wamegawanywa, ila mara tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na nchi hizo zinakutana mahali panapoitwa Salia Musala. Huko Kiswahili changu kilipokelewa vizuri zaidi kuliko Vurra. Wengine walijua Kiarabu cha Juba, wengine Kilingala, na kwenye kibanda kimoja cha chai pale stendi niliwakuta watu watano wa nchi tatu wanabishania mpira kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa upande wa timu iliyofungwa.

Sasa serikali ya Uganda inakirudia Kiswahili kwa njia ya darasani. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ukakiweka kati ya masomo ya lazima ya mwanzo, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 2022. Sina ubishi na hatua hizo. Wasiwasi wangu ni kwamba vitabu vitakavyofika Vurra vitaandikwa kana kwamba mtoto wa Vurra hajawahi kusikia Kiswahili, ilhali amekisikia kwa baba, kwa askari, kwa tanboi, na anajua kipi ni cha kumwogopa nani.

Kijana wa mzee wangu alikuwa kidato cha kwanza. Jioni moja alileta daftari barazani, zoezi la ngeli ya KI-VI. Sentensi ilikuwa ya viti. Baba yake, ambaye miaka mingi alipeleka maharage Bunia na kurudi na ng'ombe, akaichungulia na kusema, "Kiti mbili imevunjika. Kwisha." Kijana akamwambia, baba, ukiandika hivyo unapata sifuri. Mzee akasema sifuri ni ya shule, Bunia alipata ng'ombe. Wakanigeukia mimi niamue. Nikamwambia kijana aandike "viti viwili vimevunjika", mtihani ni mtihani. Mzee hakukasirika. Alifikiri kidogo, akauliza kama Jumapili nitakuwepo, maana kuna tajiri wa Bunia ana deni lake la siku nyingi, na sasa ameweka wakili, kwa hiyo inatakiwa barua, na barua hiyo anaitaka kwa Kiswahili changu.